Watu wazima wawili, gari dogo, na safari ya ghafla kutoka Moshi kwenda kuteleza majini Kunduchi

Mleta uzi:

Wakuu, salaam.

Sisi wakazi wa Moshi tunaijua barabara ya Dar es Salaam kwa shughuli chache. Tunaishuka tunapofuata mzigo Kariakoo au tunapompeleka mtoto chuoni, na ndugu zetu wanaipanda kila Desemba, ukoo mzima unaporudi mgombani kwa ajili ya Krismasi, au siku yoyote ya mwaka panapotokea msiba. Kuisafiri kwa ajili ya kucheza tu, tena wanawake wawili wenye umri wa kuwa na wakwe, bila mtoto hata mmoja garini, ni jambo ambalo majirani zangu wa Majengo walilipokea kwa kuniuliza kwa upole kama kuna mgonjwa Dar ambaye sitaki kumtaja. Hakukuwa na mgonjwa. Mimi na rafiki yangu tulikwenda Kunduchi Wet 'n' Wild, kiwanja cha michezo ya majini kaskazini mwa Dar, tukateleza kwenye maji mpaka magoti yakatukumbusha umri, kisha tukarudi nyumbani. Naleta uzi huu kwa sababu naamini watu wazima wengi wa huku Kaskazini wanaihitaji safari ya namna hii kuliko wanavyokubali, na pia naamini kwamba isipokuwa ya ghafla, haitafanyika kabisa.

Kuhusu ughafla, nina ushahidi wa kutosha. Kila safari ya starehe niliyowahi kuiona ikipangwa mapema hapa kwetu ilianza kwa kufunguliwa kundi la WhatsApp, kundi likachagua mwenyekiti na mwekahazina, mwekahazina akaanza kukumbusha michango, na katikati ya michango hiyo ikaingia michango ya harusi, ya kipaimara na ya mazishi, ambayo kwa haki kabisa haiwezi kupangwa foleni nyuma ya mchango wa kuogelea. Safari ikafa bila kujulikana aliyeiua. Sisi tuliamua Ijumaa jioni tukiwa dukani kwa rafiki yangu, ambaye anauza pampu, mabomba na dawa za kutibu maji, na Jumamosi kabla jua halijachomoza tulikuwa tumeshafika Himo. Hapakuwa na nafasi ya mtu wa tatu kutoa maoni.

Hata hivyo naomba nieleweke vizuri: uamuzi ndio uliokuwa wa ghafla, maandalizi ya gari hayakuwa ya ghafla. Gari lake ni dogo, la injini ya lita 1.3, na lilikuwa limetoka kufanyiwa sevisi kwa ajili ya shughuli zake za kawaida. Tairi zilikuwa nzima, pamoja na ile ya akiba. Jeki, kizimamoto na pembetatu za tahadhari zilikuwemo. Bima ilikuwa hai. Mtu ambaye gari lake halina uhakika wa kufika Boma Ng'ombe asidanganywe na uzi huu kwamba litafika Dar kwa sababu tu dereva ana furaha.

Kutoka Moshi hadi Dar ni kilomita zipatazo 560, na aliyeko Arusha aongeze nyingine 80. Ukishakata kulia pale njia panda ya Himo, Kilimanjaro unabaki mgongoni na milima ya Upare inakuja mkono wa kushoto, ikae hapo kwa saa kadhaa. Nimeipita sehemu hiyo tangu utotoni, lakini siku zote nilikuwa nimesinzia ndani ya basi au ninawaza marehemu, kwa hiyo sikuwahi kuitazama. Ukavu wa Same unaletwa na milima hiyohiyo, kwa kuwa pepo zinazotoka baharini humwaga mvua yake zinapopanda upande wa pili, na bonde la barabara linabaki na vumbi na migunga. Unapita Makanya wanakochimba jasi, unapita Hedaru, unapita Mkomazi, na joto linaongezeka kila unaposhuka, mpaka ukifika Mombo, chini ya milima ya Usambara, sweta uliloondoka nalo Moshi linakuwa halina kazi tena.

Karibu kila kijiji kina kibao cha mwendo wa kilomita 50 kwa saa, na mara nyingi mbele ya kibao kuna askari mwenye tochi ya kupimia mwendo. Tulikubaliana kwamba asiyeendesha hana ruhusa ya kulala, kwani kazi yake ni kusoma vibao kwa sauti: hamsini inaanza, hamsini inaisha. Faini ya kosa moja ni shilingi 30,000, na rafiki yangu, ambaye ni mfanyabiashara kabla ya kuwa kitu kingine chochote, alikwisha kuigeuza kichwani kuwa lita za petroli. Kwa hesabu yake, gari kama lake likiendeshwa kwa utulivu hutumia lita moja kwa kilomita zipatazo 15, kwa hiyo kwenda tu ni lita 37 au 38. Bei sitaiandika, maana EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na uzi huu utasomwa mwezi mwingine.

Baada ya Mombo mashamba ya mkonge yanaanza kujipanga mistari pande zote mbili, na hapo ndipo nilipopitia simu kumsomea dereva wangu historia. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukitokea Florida, na inaelezwa kwamba miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Mwaka huohuo wa 1893, kwenye maonyesho makubwa ya Chicago, mhandisi George Ferris alisimamisha gurudumu kubwa la kwanza la kupandisha watu hewani, lenye kimo cha takriban mita 80 na vyumba 36 vya abiria, na watu walilipa senti 50 kila mmoja ili wazungushwe. Hawakuwa watoto. Walikuwa wazee wenye kofia na suti, na wake zao waliovaa magauni ya kufika chini, kwa sababu michezo ya namna hiyo tangu mwanzo ilijengwa kwa ajili ya watu wazima wenye fedha yao mfukoni. Bustani ya Tivoli iliyofunguliwa Copenhagen mwaka 1843 ilikuwa hivyohivyo. Sijui ni wapi sisi tulikopata wazo kwamba mtu akishazaa, starehe anayoruhusiwa ni kukaa kwenye kiti cha plastiki akisubiri nyama iive. (Nyama choma naipenda, msinishambulie.)

Kwa wanaokwenda Kunduchi, njia ya kufuata inahitaji maelezo. Mazoea ni kunyoosha hadi Chalinze, kisha Kibaha, kisha kuingia Dar kupitia Kimara na Ubungo, na kuanzia hapo unaanza kuvuka jiji zima kuelekea kaskazini. Hakuna sababu ya kujitesa hivyo. Ukitoka Segera na kupita Mkata, utavuka Mto Wami kwenye daraja jipya lenye urefu unaozidi mita 500, na waliolikumbuka lile la zamani la mwaka 1959, jembamba la kupita gari moja moja, chini ya mteremko unaotisha, watakubali kwamba hiyo peke yake ni sababu ya kusafiri siku hizi. Mbele kidogo, Msata, kata kushoto. Hapo kuna lami ya kilomita 64 mpaka Bagamoyo, haina malori mengi, inakatiza bonde la Mto Ruvu lililo tambarare na kijani, na kutoka Bagamoyo unakuja Bunju, Tegeta, na hatimaye Kunduchi Mtongani bila kuigusa Ubungo. Sisi tulilala Bagamoyo Jumamosi ile, tukala samaki, na Jumapili asubuhi tukaingia Kunduchi tukiwa na nguvu. Wanaodhani wataendesha kutoka Moshi na kuogelea siku hiyohiyo wanajidanganya, kwani watafika jioni wakiwa hawataki kitu ila kitanda.

Sasa nije kwenye mitelezo yenyewe.

Kinachokushtua kwanza ni ngazi. Kutoka chini mteremko unaonekana mfupi na wenye kona za kuchekesha, lakini unapopanda ngazi huku maji yakidondoka kutoka kwa aliye mbele yako, unagundua kwamba kimo hupimwa na tumbo na si macho. Juu kabisa amekaa mwokoaji, kijana mpole, ambaye kazi yake kubwa ni kumzuia anayefuata asiondoke kabla aliyetangulia hajatoka kwenye dimbwi la chini. Nyuma yetu walikuwa watoto wa umri wa shule ya msingi, nao ndio waliotufundisha: lala chali, kunja mikono kifuani, pishanisha miguu kwenye vifundo, usijaribu kujizuia kwa viwiko. "Shikamoo mama, usiogope, ukiogopa utakwama," mmoja aliniambia kwa heshima zote. Niliogopa na sikukwama. Nilipiga yowe ambalo sikuwa nimelipiga tangu nijifungue mtoto wangu wa mwisho, nikatokea chini nikiwa nimepoteza kibanio cha nywele, nikamkuta rafiki yangu amesimama kwenye maji ya kiunoni akicheka kiasi cha kushindwa kutembea.

Hilo ndilo ninalotaka wakubwa wenzangu wajue. Maisha yetu ya kawaida yana hofu nyingi ambazo haziishi: ada, marejesho ya mkopo, simu inayolia saa nane za usiku. Hofu ya pale juu inachukua sekunde chache, inaisha kabisa, na mwili unajua kwamba imeisha. Tulirudi kwenye ngazi kama watoto, na mara nyingine tuliwapisha watoto wenyewe kwa sababu pumzi ilikuwa imetuishia.

Rafiki yangu hakuweza kuacha kazi yake nyumbani. Katikati ya mapumziko aliniita nitazame mahali bomba linapopandisha maji juu ya mnara, akanieleza kwamba bila pampu huo mtelezo ni karai kavu tu ambalo lingekuchuna ngozi, kwa sababu utando mwembamba wa maji ndio unaokubeba chini ya mgongo. Kupandisha lita 1,000 hadi kimo cha mita 10 kunahitaji nishati ya takriban kilojuli 98, ambayo si kubwa, lakini maji hayo hayana ruhusa ya kukoma hata dakika moja watu wakiwa juu, na yanapofika chini lazima yachujwe, yatiwe klorini, yarudishwe juu tena, siku nzima, katika kila mtelezo. Alinieleza pia jambo ambalo tangu hapo nimelisimulia kila mahali: ile harufu kali tunayoiita harufu ya klorini haitokani na klorini nyingi. Hutokea klorini inapokutana na jasho na mkojo. Kwa hiyo bomba la kuoga lililowekwa kabla ya kuingia bwawani si pambo, na anayelikwepa anawachafulia wengine hewa.

Nilimuuliza kwa nini hatujengewi kitu kama hicho Moshi. Jibu lake lilikuwa la kibiashara. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu takriban milioni 5.38 katika mkoa wa Dar es Salaam, na wa Kilimanjaro milioni 1.86, ambao wengi wao wako vijijini milimani. Pampu na dawa hula fedha ileile, waje watu hamsini au elfu moja. Kisha Dar kuna joto mwaka mzima, wakati sisi kuanzia Juni hadi Agosti tunaamka na makoti. Nani atalipa kiingilio ili aloweshwe Julai? Nadhani ana haki, ingawa ningependa mtu amthibitishie kuwa amekosea.

Nakaribisha maswali na maoni.

Mdau wa Njiro:

Dada yetu, hongera kwa maelezo yaliyotulia. Swali langu ni hili: kwa sisi wa Arusha, kwa nini tuendeshe kilomita 640 kwenda Dar wakati Nairobi iko karibu zaidi na kuna viwanja vya michezo vya kutosha?

Mleta uzi:

Ndugu yangu, kwa umbali uko sahihi. Arusha hadi Namanga ni kama kilomita 110, na Namanga hadi Nairobi ni kama 165, kwa hiyo jumla haifiki hata nusu ya safari ya Dar. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Desemba 2018 nacho kimepunguza ile adha ya kupanga foleni upande huu na kisha upande wa pili. Tatizo ni kwamba safari ya kuvuka mpaka haikubali ughafla kwa urahisi. Unahitaji hati ya kusafiria iliyo hai, gari linahitaji kibali cha kuingia Kenya kwa muda pamoja na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, na kama gari si lako unahitaji barua ya mwenye gari. Mwenye nyaraka zote hizo kabatini aende Nairobi kesho. Sisi Ijumaa ile tulikuwa na leseni na vitambulisho vya taifa, na kwa hivyo tu unafika Dar bila kuulizwa chochote.

Dereva mstaafu wa Himo:

Nimeendesha barabara hiyo kwa muda mrefu wa maisha yangu, mabasi kwanza na malori baadaye, na ninaongeza jambo moja ambalo mleta uzi amelipita haraka. Ameondoka alfajiri, na amefanya vyema. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya katazo la miaka mingi, na hivyo usiku wa barabara ile si ule wa zamani ambapo ungekutana na malori peke yake. Mtu mwenye gari dogo, asiyezoea taa za magari makubwa usoni, akiondoka Moshi saa tatu usiku kwa kuwa amepata hamu, atafika maeneo ya Mkata na Manga katika saa ambazo usingizi una nguvu kuliko dereva yeyote. Ughafla uwe wa kuamua. Saa ya kuondoka ibaki ileile ya wazee, yaani saa kumi na moja alfajiri. Na kati ya Same na Mkomazi msione barabara imenyooka mkasahau mifugo. Ng'ombe wa pale hawavuki wakiwa wamoja wamoja, na mbuzi wa mwisho daima hubaki upande aliotoka mpaka wewe ukaribie.

Mleta uzi:

Asante sana baba. Mbuzi huyo wa mwisho tulikutana naye.

Mwalimu wa Fizikia, Arusha:

Naomba nichangie kwa upande wa somo langu, kwa sababu mleta uzi ametaja vibao vya 50 na kimo cha mita 10 katika uzi mmoja bila kuviunganisha. Mtu akishuka kimo cha mita 10 bila msuguano wowote, anafika chini akiwa na mwendo wa mita 14 kwa sekunde, ambao ni kilomita 50 kwa saa karibu kamili. Maana yake ni kwamba kibao cha kijijini kinakuruhusu kupita kwa mwendo wa mtu aliyeanguka kutoka ghorofa ya tatu. Huwa nawaambia wanafunzi wangu wanaofikiri kwamba hamsini ni mwendo wa kobe. Kwenye mtelezo msuguano, hewa na kona vinapunguza mwendo huo sana, na sehemu ya mwisho iliyolala hulazimisha maji yakupunguze kabla hujafika ukingoni. Pia kanuni tupu inasema uzito haubadilishi mwendo, lakini kwa vitendo mtu mzito hushuka kwa kasi kubwa kidogo kuliko mwepesi, kwani hewa na maji vinamzuia kwa sehemu ndogo zaidi ya uzito wake. Wale watoto waliokuwa nyuma yenu, mama, inawezekana ulikuwa na kasi kuwashinda.

Mleta uzi:

Mwalimu, umenipa sifa ambayo sikujua kuipokea kwa uso gani, lakini nimeipokea.

Baba wa Soweto:

Mimi sipingi watu kustarehe. Ninachouliza ni kama ni busara kwa akina mama wawili kuacha familia kwa uamuzi wa saa moja na kwenda umbali wote huo kucheza. Fedha hiyo ya mafuta, malazi na kiingilio ingelipa kitu cha maana nyumbani.

Mleta uzi:

Kaka yangu, nakujibu kwa heshima. Watoto wangu wanajipikia na mume wangu anajua mahali unga ulipo. Fedha ilitoka kwenye kibubu changu, na nusu ya mafuta aliilipa mwenye gari. Nimewaona wanaume wa mtaa wetu wakiamua saa moja jioni kwenda kutazama mpira Arusha na kurudi siku ya pili, na hakuna aliyewafungulia uzi wa kuwauliza kuhusu busara. Kuhusu kitu cha maana nyumbani, kilichoongezeka ni mtu mmoja ambaye kwa majuma kadhaa hakumfokea yeyote, na ukitaka uthibitisho muulize mume wangu mkikutana kijiweni.

Kijana wa Boma Ng'ombe:

Wakubwa, kabla ya kwenda Kunduchi mbona hamtaji Chemka? Tunayo chemchemi ya Kikuletwa hapa Rundugai, maji yake ni ya uvuguvugu, unaona mpaka chini, kuna kamba ya kujirusha kutoka kwenye mti, na hayahitaji pampu wala klorini. Mtu wa Moshi anakwenda na kurudi kabla ya chakula cha jioni.

Mleta uzi:

Chemka naipenda, na kwa uzuri wa maji sioni bwawa la kutengenezwa linaloweza kuifikia. Ila ni starehe ya aina nyingine. Pale unaelea, unatazama mizizi ya mikuyu, samaki wadogo wanakudonoa miguu, unatulia. Kamba ile ina mshtuko wake, nakubali, lakini kina ni kirefu na mtu asiyejua kuogelea hana la kufanya zaidi ya kukaa ukingoni na viatu mkononi, na huyo mtu ni mimi. Mitelezo iliyojengwa humpa hata asiyejua kuogelea nafasi ya kuruka, kwa kuwa mingi humalizikia kwenye maji ya kiunoni au kwenye mfereji usio na kina, na mwokoaji amesimama pale. Bado ni lazima uulize kabla ya kupanda, mtelezo kwa mtelezo, kwamba huu unaishia wapi.

Mdada wa Kiboriloni:

Dada, nina maswali mawili ya aibu kidogo. Mlivaa nini? Na je, ningekuwa na tatizo la mgongo ningeruhusiwa?

Mleta uzi:

Hakuna aibu mdogo wangu. Sisi tulivaa suruali za kubana za kitambaa cha nailoni na blauzi za mikono mirefu za kitambaa hichohicho, tulizozinunua Memorial kwenye mitumba kitambo, na hatukuwa peke yetu tuliojifunika. Kinachokataliwa kwenye mitelezo ni nguo za pamba nzito, jinzi, na chochote chenye zipu au vifungo vya chuma, kwa sababu chuma hukwaruza faibaglasi na mkwaruzo huo humchana anayefuata. Pamba nayo hunywa maji, huvutika na kukuvua nguo mbele za watu. Hereni na cheni acha kwenye chumba cha wageni. Mafuta ya kujikinga na jua nunua Moshi, maana weusi wetu hautuzuii kuungua tukishinda majini, na mimi nilibabuka mabega.

Kuhusu mgongo, usipande mitelezo mikali. Kona huutikisa uti wa mgongo na kufika chini ni kishindo. Mwenye mimba, mwenye matatizo ya moyo na aliyefanyiwa upasuaji karibuni naye abaki kwenye mabwawa ya kawaida, ambayo kusema kweli yanatosha kuijaza siku.

Mchangiaji wa Same:

Mimi sina gari. Je, safari hii inawezekana kwa usafiri wa umma bila kupoteza ule ughafla wake?

Mleta uzi:

Inawezekana. Mabasi ya asubuhi kutoka Moshi yanapita kwenu Same, na treni ya abiria ya Dar na Moshi iliyorejea Desemba 2019 nayo inapita hapo, ila ina siku zake maalumu, kwa hiyo ughafla wako utabidi uendane na ratiba. Kwa basi, usishuke Msata ukidhani utaunganisha kirahisi na mizigo yako. Nenda mpaka kituo cha Magufuli pale Mbezi, lala upande huo au Tegeta, na asubuhi chukua daladala za barabara ya Bagamoyo hadi Mtongani, kisha bajaji. Utakachokosa ni uhuru wa kusimama. Sisi tukirudi Jumatatu, ambayo ilikuwa sikukuu, tulisimama Segera kununua machungwa, na kabla ya kuondoka Kunduchi tulipita kwenye magofu yaliyo jirani, penye msikiti wa kale na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa bakuli za kauri kutoka China, ambayo waogeleaji wengi huyapita bila kujua kuwa yapo.

Na kwa mliouliza faraghani kuhusu kiingilio: pigeni simu wenyewe asubuhi ya siku ya kuondoka. Bei ya mtoto, ya mtu mzima na ya sikukuu zinaweza kutofautiana, na viwanja vya aina hii hufunga baadhi ya mitelezo kwa matengenezo, hasa siku za katikati ya juma. Ulizeni ni ipi inayofanya kazi kabla hamjajaza mafuta.